Nyumba Sitini na Tatu za Wakamba wa Kambi Muru

Mpendwa Shangazi Nasike,

Naomba msaada wako, na ukiweza unijibu gazetini kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo nitapewa cheti cha mhudumu bora wa afya ya jamii Kambi Muru nzima, hapa Kibera, na vile ninavyojijua, kitu ninachostahili si cheti bali ni kuitwa kando na kuulizwa maswali na watu wazima.

Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa Kibera, kitukuu cha askari aliyetolewa Sudan na Mwingereza, akapiganishwa vita visivyomhusu, akaambiwa kaa hapa msituni utulie, na sisi tumetulia mpaka leo. Kazi yangu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba na simu ya mradi mmoja wa afya ambao sitautaja kwa sababu bado nautaka, nauliza nani anakohoa, nani ni mjamzito, nani ana sukari, nani ana presha, najaza fomu ndani ya simu, natuma. Swali la tatu kwenye fomu ni kabila. Ukiligusa inashuka orodha ndefu, na siku ya kwanza niliitembeza orodha hiyo juu chini, chini juu, nikidhani labda tumeandikwa kwa herufi nyingine, lakini hatukuwemo, na mwisho kabisa, chini ya kila mtu, ndipo nikakuta neno "Wengine".

Basi nikagusa "Wengine", Shangazi, nikiwa na moyo safi na betri imejaa. Nilikuwa naandikisha nyumba ya kwanza, nayo ilikuwa nyumba ya haboba wangu Sitelbanat, haboba ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kinubi, na huyu ndiye aliyenilea. Kumbe "Wengine" si jibu, ni mlango. Ulifunguka yakatoka maswali mengine kumi na manne: taja, eleza, babu wa babu yako alitoka wapi, aliingia nchini mwaka gani, mna barua ya uthibitisho kutoka kwa chifu, piga picha ya barua, na kwenye swali la tisa simu ikaganda, nikaizima nikaiwasha, ikanirudisha kwa swali la kwanza kama vile hatujawahi kuonana.

Nikampigia msimamizi wetu, anaitwa Geoffrey, kijana msafi anayependa takwimu safi. Akaniambia, "Madam, wengine ni wachache, ndiyo maana wanaitwa wengine. Usikwame hapo. Leo nataka nyumba kumi na tano." Nikamwambia hapa Kambi Muru hao wachache wako kila mlango. Akasema, "Hiyo system haionyeshi."

Hapo ndipo Kalondu alipotokea. Kalondu ni jirani yangu mlango kwa mlango, Mkamba wa Kitui, tunaazimana chumvi, jiko na mwavuli. Alinikuta nimekaa kwa ngazi na simu imeganda akacheka. "Ruwe, si uandike tu sisi? Kwani Ukamba utaisha?" Nikacheka pia. Nikaandika haboba ni Mkamba, na fomu ikaisha kwa dakika nne, ikanipa alama ya kijani na neno "Hongera".

Usinihukumu bado, ngoja nikueleze ni kwa nini jambo hilo halikunishtua, maana wewe huenda ofisi ikikuuliza kabila unajibu tu kama mtu anayeulizwa saa. Sisi tumelelewa vingine. Marehemu baba yangu, Usman, alipoenda kutafuta kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati, akaambiwa alete cheti cha baba yake, akaleta, akaambiwa alete cha babu, akawaambia babu yake alikuja na bunduki hakuja na cheti, akarudishwa nyumbani, na aliitafuta kadi hiyo miaka mitatu. Kwa hivyo alitufundisha tukiwa wadogo: ofisi ikikuuliza swali refu, ipe jibu fupi urudi nyumbani. Kuna watu kwetu ambao hospitalini ni Waluhya, shuleni ni Wakikuyu, na msikitini Ijumaa wanarudi kuwa Wanubi. Mimi niliona naendeleza tu mila.

Sasa nina nyumba sitini na tatu. Sitini na tatu, zote Wakamba, wakina Habib, wakina Ramzy, wakina Sumaya, Wakamba watupu, na Geoffrey hajawahi kuuliza ni Ukamba wa wapi huo. Takwimu zangu ndizo safi kuliko za wote na ndiyo maana ya cheti.

Shida ilianza pale kompyuta ya mradi ilipogundua, kwa furaha kubwa, kwamba kuna Wakamba wengi wenye sukari Kambi Muru waliosahaulika, na mradi una sera nzuri sana ya kumhudumia kila mtu kwa lugha yake ya mama na kwa desturi zake. Kwa hivyo kila Jumanne haboba wangu anapigiwa simu na sauti iliyorekodiwa, inamshauri kwa Kikamba. Yeye huitikia salamu, anaiuliza hali ya nyumbani, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anatuambia, "Huyu msichana ana adabu, hanikatizi, lakini hanijibu."

Kisha wakatuletea muuguzi, Sista Kasiva, walimtoa zahanati ya Kongo kule Kawangware kwa sababu anajua Kikamba, na kliniki ya sukari ikawekwa Ijumaa saa saba mchana, uwanja wa kanisa, siku na saa na mahali ambapo hakuna Mnubi mmoja angepatikana hata ungemtafuta kwa tochi. Wazee wetu wa kiume wako msikitini. Nikawakokota akina mama wanane. Sista Kasiva akasimama akawaamkua, "Mwi aseo?" Wakatazamana, halafu haboba kwa heshima akasema, "Amin."

Sista akanivuta kando. "Ruweida, hawa ni Wakamba wa wapi?"

"Wa Kitui. Kule ndani."

"Ndani wapi? Mimi kwetu ni ndani."

Nikamwambia akina mama wanasubiri. Yeye ni mtu mzuri, akarudi akafundisha kwa Kiswahili, lakini picha alizopewa zilikuwa zile zile, za kupunguza muthokoi, ile pure ya mahindi yaliyokobolewa ya Wakamba, na hapa hakuna anayepika muthokoi isipokuwa Kalondu. Haboba akainua mkono akauliza, "Na gurusa, mwanangu?" Sista akauliza gurusa ni nini. Shangazi, gurusa ni chapati zetu laini za kumimina, unazila na sukari juu, na mwezi wa Ramadhani hakuna futari bila gurusa. Haboba alichoelewa ni kwamba kama muuguzi haijui basi haijakatazwa, akarudi nyumbani akaongeza sahani.

Sasa ndiyo nafika kwa jambo lenyewe. Ramadhani imeingia na haboba anafunga, ana miaka sabini na tatu, ukimwambia apumzike anakuambia amefunga tangu meno ya utotoni. Mradi una ujumbe mzuri kabisa kwa Waislamu wenye sukari, kwamba usianze kufunga kabla ya kuonana na daktari akupangie dawa, lakini unatumwa kwa nyumba zile ambazo kompyuta inaamini zina Waislamu, na nyumba zangu, kwa mujibu wa mikono yangu mwenyewe, zinatoka Kitui. Haboba akajipangia. Akameza dawa zake za asubuhi alfajiri baada ya daku, akashinda bila kitu, na Jumatano iliyopita saa tisa, akiwa anasuka tabaga, ule mfuniko wetu wa chakula, akaanguka juu ya ukindu wake, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tukampaka sukari mdomoni tukambeba.

Kule zahanati tabibu akaangalia kompyuta, akaangalia mgonjwa, akaangalia kompyuta tena. "Sitelbanat. Mkamba?"

Na mimi, Shangazi, mhudumu bora wa Kambi Muru, nikamwambia, "Ni jina la ndoa."

Sijui lilitoka wapi. Niliogopa nikifungua hilo moja zitafunguka zote sitini na tatu. Tabibu akasema sawa, akamshauri haboba asiwe anaruka chakula cha mchana, akaturuhusu. Habari ya saumu haikutajwa. Tulipofika nyumbani haboba akaniuliza, "Yule daktari aliuliza nini?" Nikasema aliuliza jina. "Na ukamwambia?" Nikasema nikamwambia. Akalitazama sanduku lake, kisha akasema Alhamisi atakuja kuniona nikipewa cheti, na atavaa gurbaba yake, shuka ya Kinubi ambayo huitoa sandukuni siku za harusi tu. Kesho yake akafunga tena.

Kalondu naye siku hizi ananisalimia kwa kichwa tu. Mjomba wake, Mzee Kavoi, ana miaka themanini, anaishi Kongo, presha yake alikuwa akielezwa na Sista Kasiva kwa Kikamba maana Kiswahili chake ni cha sokoni tu, na sasa Sista yuko kwetu wiki nzima. Na nimesikia Alhamisi hiyo hiyo watatangaza kumhamishia huku moja kwa moja.

Nikisema ukweli nitapoteza kazi, na ninavyoijua ile system itahesabu Wanubi wa Kambi Muru ipate sifuri, ifunge kliniki, iende. Nikinyamaza tutakuwa na kliniki, ya Wakamba sawa, lakini kliniki. Nichukue cheti ninyamaze, halafu nirekebishe polepole, nyumba moja moja, bila mtu kujua? Nishauri, nimechoka na usingizi sina.

Ni mimi,
Ruweida wa Kambi Muru
(si jina langu halisi, hata hili nimeliazima)

*

Ruweida mwanangu,

Kwanza hongera. Serikali za nchi hii zimeshindwa kuwaunganisha wananchi kwa miaka sitini na zaidi, wewe umeunganisha nyumba sitini na tatu kwa kidole kimoja, dakika nne kila nyumba. Ungepewa mwaka mwingine tungekuwa taifa moja, sote Wakamba, tunaambiwa kwa upole tupunguze muthokoi.

Umeniomba nisikuhukumu bado. Nimengoja mpaka mwisho wa barua, sasa nimemaliza kungoja.

Lakini kabla sijakugeukia, wacha niseme neno na hao wa simu. Watu wamekaa Kibera zaidi ya miaka mia moja, wamezika hapo, wamejenga misikiti hapo, mji wenyewe unaitwa kwa neno lao la msitu, halafu mtu anaketi mahali penye kiyoyozi anatengeneza orodha ya makabila inayoteremka mpaka chini ya kioo, na hao hawaoni. Anawawekea chumba cha nyuma, anakiita "Wengine", anaweka maswali kumi na manne mlangoni ili wasijazane. Kisha anashangaa kwamba hakuna anayeingia. Na bwana Geoffrey anathibitisha kwamba ni wachache kwa sababu hawajaandikwa, na hawaandikwi kwa sababu ni wachache. Kijana huyo atafika mbali, na ninaomba iwe hivi karibuni.

Baba yako Usman simlaumu. Mtu aliyesumbuliwa miaka mitatu kwa ajili ya kipande cha kadi ana haki ya kuwafundisha watoto wake kukwepa. Nimesoma sehemu hiyo mara mbili na imeniuma. Lakini angalia vizuri, mwanangu: baba yako alikuwa upande huu wa meza, anaulizwa. Wewe uko upande ule, wewe ndiye unayeuliza. Simu iko mkononi mwako. Jibu fupi la baba lilikuwa la kumwezesha mtu mmoja arudi nyumbani salama. Lako limewafuta watu wa nyumba sitini na tatu, na hukumwuliza hata mmoja. Nimeitafuta barua yote, juu chini, chini juu kama ulivyotafuta orodha yako, nione ni wapi ulipomsomea haboba wako swali la tatu ukangoja ajibu. Sikupaona. Geoffrey hakukuuliza ni Ukamba wa wapi, na wewe hukumwuliza bibi yako ni mtu wa wapi, kwa hivyo mnatoshana.

Wahenga walisema, na mhariri anisamehe, nguo ya kuazima haisitiri matako. Kalondu alikuazima kwa roho safi, kama anavyokuazima mwavuli. Hakujua kwamba ungeuvaa mvua na jua, wewe na mtaa mzima, mpaka mjomba wake anyeshewe.

Na kuhusu huyo mjomba. Mimi naishi Kawangware, kwa mguu hadi Kongo ni robo saa, hata kidogo ukijua kupita nyuma ya soko. Barua yako ilinifika Alhamisi, Ijumaa asubuhi nikaenda. Mlango wa Sista Kasiva una karatasi imebandikwa kwamba huduma imesitishwa kwa muda. Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi mzee amevaa koti la suti na kofia, ameshika bahasha tatu za dawa. Nilipomuuliza jina akasema Kavoi. Mama Wakarima, anayefagia hapo na anayesikia Kikamba cha kuokoteza, akatusaidia kuongea. Zile bahasha hajui ni ipi ya asubuhi na ipi ya jioni, zimechanganyika, na kwa kuwa hataki kukosea amekuwa hamezi hata moja.

Nikamuuliza kwa nini hakulalamika muuguzi wake alipoondolewa. Akasema walimweleza kwamba amepelekwa Kibera, kuna Wakamba wengi huko wagonjwa zaidi. Mama Wakarima akanitafsiria jibu lake, nami nakuandikia kama nilivyolisikia: "Nikawaambia sawa, aende. Hao ni watu wangu."

Ruweida, nililia pale kwenye benchi, na mimi si mtu wa kulia hovyo, waulize wasomaji wangu niliowagombeza miaka kumi na moja. Mzee wa miaka themanini amejinyima dawa kwa ajili ya watu wake, na watu wake ni wewe na Geoffrey na alama ya kijani inayosema hongera. Mwambie Kalondu kwamba Mama Wakarima ameandika asubuhi na jioni juu ya zile bahasha kwa picha ya jua na mwezi, na kwamba tabibu wa hapo amempima tena. Hilo ni la wiki hii tu. Wiki ijayo anamhitaji muuguzi wake.

Sasa lile la tabibu. Ya simu ningekusamehe, maana simu iliganda. Lakini tabibu alikuwa hai. Alikuwa na macho, aliona jina na mtu havilingani, akauliza. Katika mambo yote haya, yeye peke yake ndiye aliyeuliza! Ulikuwa umeletewa mlango umefunguliwa, hauna hata swali moja la barua ya chifu, ukamwambia ni jina la ndoa. Bibi yako amelala hapo sukari imemshuka kwa sababu ya saumu na dawa, na wewe uliyefundishwa hayo mambo ukatoa bibi harusi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyaficha maradhi ya mtu mwingine, na umeponea chupuchupu kuumbuliwa.

Kwa hivyo kesho Jumatatu, asubuhi, kabla ya kuzunguka nyumba yoyote, mpeleke haboba kwa tabibu yule yule na dawa zake zote mkononi. Sema maneno haya kwa mpangilio huu: huyu ni Mwislamu, anafunga, dawa hii humeza saa hii, Jumatano alianguka. Akiangalia kompyuta, mwambie kompyuta imekosea na aliyeikosesha ni wewe. Mimi si daktari na sitapanga dawa za mtu gazetini. Lakini mpaka apangiwe, asifunge, na siku jasho likimtoka tena na maneno kumpotea, apewe kitu kitamu hapo hapo na apelekwe, hakuna kungoja magharibi. Kama atakataa kwa sababu ya dini, usiniletee mimi, Mbukusu wa Webuye, habari za saumu. Mwite imamu wenu aje nyumbani amweleze mwenyewe ruhusa ya mgonjwa. Hatabishana naye kama anavyobishana na wewe. Na mmweleze gurusa pia, kwa jina lake, maana mwaka huu wote amekatazwa chakula asichokijua na kuachiwa kile kinachomwumiza.

Ukitoka hapo, mtafute Sista Kasiva. Amejua tangu ile "Amin". Amekaa na siri yako kwa huruma na nina hakika imemchosha, maana yeye ndiye anayejua aliacha nani kwenye benchi. Nendeni wawili kwa Geoffrey siku ya Jumanne, si Alhamisi mbele ya wageni. Ukimvizia hadharani atajitetea, na vijana wa takwimu safi wakijitetea huwa wanamtafuta wa kumtupia, na mhudumu yuko karibu. Mpe karatasi yenye nyumba sitini na tatu na jina la kila mwenye nyumba. Mwambie hivi: hawa ni Wanubi, wana sukari na presha, niliwaandika vibaya kwa sababu fomu yako haina mahali pao, na nataka tuwaandike upya wiki hii. Mwombe Kasiva arudi Kongo. Omba kliniki itoke Ijumaa saa ya swala, itoke pia uwanja wa kanisa, ije mahali akina mama wenyewe watakapochagua. Na omba jina la watu wako liingie kwenye orodha, juu, pamoja na watu. Akisema hilo linaamuliwa na wakubwa, mwambie vizuri, Alhamisi wanakuja, na wewe utakuwa na nafasi ya kusema machache ukipokea cheti.

Nimekuona unavyochekelea hapo. Ndiyo, hilo la mwisho ni vitisho. Nimekuruhusu.

Unasema utapoteza kazi. Inawezekana, sitakudanganya. Ila fikiria huyo Geoffrey akijaribu kueleza wageni kwamba amemfukuza mhudumu bora kwa kosa la kutaja ni nani wanaoishi Kambi Muru. Unasema watahesabu Wanubi wapate sifuri wafunge kliniki. Mwanangu, sifuri hiyo uliiandika wewe, na utaifuta wewe, ndiyo maana nakuambia uende na majina sitini na tatu, usiende na machozi. Na ile habari ya kurekebisha polepole, nyumba moja moja, bila mtu kujua, iache kabisa. Mzee Kavoi na haboba wako hawana hiyo polepole unayoitafuta.

Kuhusu cheti, wakikupa baada ya yote hayo, kipokee. Wakikunyima, sandukuni mwa haboba kuna nafasi ya vitu vya maana zaidi.

Limebaki moja, na hili hukuniuliza. Umeandika kwamba haboba alikuuliza tabibu aliuliza nini, ukajibu, akalitazama sanduku lake, kisha akasema atakuja Alhamisi na gurbaba. Ukaendelea na barua yako kama mtu aliyehadithia habari za hali ya hewa. Ruweida, mgonjwa aliyelala hana kazi nyingine ila kusikiliza. Alisikia "Mkamba". Alisikia "jina la ndoa". Mwanamke huyo anajua aliolewa na nani. Shuka ya harusi haitolewi sandukuni kwa sababu ya cheti cha mradi, inatolewa ili wewe ukisimama pale mbele ya wageni umwone, na kila mtu amwone. Hakukugombeza kwa sababu anakupenda, na kwa sababu pengine amekuwa akifanyiwa hivyo na ofisi maisha yake yote, ila hakutarajia ofisi ingekuja na sura yako.

Kwa hivyo usingoje Alhamisi. Leo, baada ya kusoma gazeti hili, ichaji simu ijae, ukae kwenye mkeka karibu naye anapofanya tabaga yake, ufungue nyumba ya kwanza. Ikifika "Wengine", ingia. Yajibu yote kumi na manne, babu wa babu, mwaka, kila kitu, yeye anayajua, na penye barua ya chifu andika hakuna. Simu ikiganda kwenye swali la tisa, anza tena. Ila kabla ya hayo yote, msomee kwa sauti swali la tatu, ungoje ajibu, uandike alivyosema.

Wako,
Shangazi Nasike